Kilo Hamsini za Mtoto Nasteho

Nyinyi mliobaki kliniki mmenicheka miaka yote kwamba Mama Shukri hawezi kuona fomu mpya kwenye kompyuta bila kwanza kujaribu kutoka ndani yake kabla hajajaza kitu. Ni kweli. Watu wengine wakiingia nyumba mpya wanatazama sebule, mimi natazama mlango wa nyuma. Sasa nimestaafu, wajukuu wako shule, mchana ni mrefu, na Fardosa, niliyekuwa nachapa naye kadi, hanipi amani mpaka niandike sababu yake. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, nilikuwa na kimoja tu na hakikuwa na maana. Mshahara mnaujua, ni kama huo wenu.

Shuleni nilikaa madarasa manne. Baada ya hapo ukame ukaja, baba akahamisha mifugo, na shule haikutufuata. Kuchapa nilijifunza nikiwa nimeshaolewa na kuzaa, kwa mama mmoja wa pwani aliyekuwa na taipureta mbili katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa hapa mjini. Tulimwita Mama Rukia. Alikuwa anafunika mikono yetu kwa leso ili tusitazame herufi, na ukitazama anakugonga kwa rula. Kitu kimoja alikishikilia kuliko vyote: usivute karatasi kutoka kwenye mashine kabla hujaisoma. "Ikiwa bado ndani ni kosa lako," alikuwa anasema. "Ikitoka ni barua, ni kosa la mwenye kuisoma." Lakini ukiharibu karatasi katikati, alikuja mwenyewe, akaivuta, akaikunja, akaitupa. Hakukuuliza kwa nini. Hakuwahi kumlazimisha mtu kumaliza karatasi mbaya ati kwa sababu ameianza. Wakati ule niliona ni hasara ya karatasi.

Kazi nilianza kliniki ya kifua mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nyinyi mmeikuta na vigae. Mimi niliikuta vyumba vya mabati, na turubai mbele ambapo wagonjwa walingojea. Wengi walikuwa wafugaji. Kifua kikuu hakiponi kwa sindano moja, dawa unameza miezi, na mfugaji hakai mahali pamoja miezi. Kazi yangu ilikuwa kuchapa kadi: huyu ni nani, mtoto wa nani, mifugo yao inaelekea wapi, ana kilo ngapi. Kilo ndizo zilizosema mtu ameze vidonge vingapi. Hilo mlishike, maana maneno yote mengine yanatoka hapo.

Kompyuta ilikuja katikati ya miaka hiyo, imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Aliyeileta ni Mutiso, kijana wa Nairobi, ambaye ndiye aliyeandika programu yenyewe. Alikuwa mpole, mwenye heshima, na joto letu lilimwonea sana. Alimweka Fardosa mbele ya mashine, kwa sababu Fardosa alikuwa ametoka shule karibuni na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Akamwambia neno la siri ni "punda", ili tusilisahau. Fardosa akaandika. Mashine ikakataa. Akaandika tena, ikakataa tena. Na neno la siri kwenye kioo linaonekana nyota tu, kwa hiyo hakuna aliyejua ni nini kimeingia.

"Umeandika nini?" Mutiso akamuuliza.

"Bunda."

"Andika punda."

"Si ndiyo hiyo nimeandika. Bunda."

Mutiso akanigeukia. "Mama Shukri, hebu msaidie."

"Nimsaidie nini? Ameandika bunda, nimeona vidole vyake kwa macho yangu."

Akatutazama sisi wawili, na nikaona mambo yanamfungukia polepole: lugha yetu haina P, sote tunaisikia na kuisema B. Alicheka mpaka akakaa juu ya lile blanketi. Kisha akalibadilisha neno likawa "ngamia". "Mkikosea hilo," akasema, "nitarudi kwetu nikafuge nyuki."

Fomu yake ilikuwa nzuri kuitazama. Ukibonyeza jina la mgonjwa, kadi inafunguka katikati ya kioo, ina visanduku: jina, jina la baba, jina la babu, upande wanakohamia, kilo. Chini kuna vitufe viwili, Sawa na Ghairi. Fardosa hilo neno la pili hakuwahi kulisikia maishani. Mimi nililisikia kwa Mama Rukia, nikamwambia maana yake ni umebadili nia, wacha, tuondoke. Ukibonyeza Sawa, kadi inajifunga, na mashine ya kuchapisha inatoa lebo ya dawa. Lebo inasema vidonge vingapi. Anayegawa dawa dirishani anasoma lebo, hamsomi mgonjwa. Hivyo ndivyo ilivyopangwa, na katika karatasi ilionekana safi.

Ubaya ulikuwa huu. Kila kisanduku kilikuwa kinajikagua wakati unapotaka kukitoka. Kama kiko tupu, kinapiga kengele, kinaandika "Jaza hapa", na kishale kinabaki palepale kinapepesa. Huwezi kwenda kisanduku kingine. Na hapa ndipo penyewe: hata ukitaka kwenda kwenye Ghairi, si umekitoka kisanduku? Kinakukamata. Kitufe cha kutokea kilikuwepo, kimeandikwa vizuri, ila huwezi kukifikia bila kumaliza kujaza. Ukifungua kadi ya mtu kwa makosa, umefungiwa na mtu huyo.

Wiki ya kwanza Fardosa alifungiwa na mzee mmoja ambaye alikuwa ameondoka zamani na hakuna aliyejua kilo zake. Kengele ikalia, ikalia, watu wa turubaini wakachungulia kuona ni nini. Mwisho akachomoa waya ukutani. Kazi yote ya asubuhi ikaenda na stima.

Baada ya hapo tulijifunza kutoka kwa njia yetu. Kisanduku kikidai kitu, unaandika moja, unabonyeza Sawa, unakuwa huru, na lebo unaichana. Sisi sote tulifanya hivyo. Kadi za mashine zikajaa watu wenye kilo moja. Ukiiona kilo moja unajua papo hapo: huyu hakupimwa, huyu alikuwa mlango wa mtu kutokea. Haikudhuru, kwa sababu hakuna binadamu wa kilo moja anayekuja kliniki na kusema assalamu aleikum.

Lakini kule Nairobi waliziona. Mutiso akatuma disketi kwa basi, na fomu ikawa kali zaidi. Sasa kisanduku cha kilo kilikuwa na akili: kilo moja kinakataa, kilo elfu kinakataa, kinataka kitu ambacho mtu anaweza kuwa nacho kweli. Wakubwa walifurahi. Sisi tulikuwa tumefungiwa kama kawaida, na foleni iko mlangoni, basi vidole vikatafuta namba nyingine. Vikapata hamsini. Hamsini ilikubaliwa na fomu mara moja, bila kengele.

Fikirieni hapo, nyinyi mnaoandika hizi programu siku hizi. Uongo wetu wa kwanza ulikuwa unaonekana toka mbali. Fomu ilipokuwa kali, haikutufundisha ukweli, ilitufundisha uongo unaofanana na ukweli.

Sasa Dahabo. Alikuwa mama mrefu, mwenye sauti, wa upande wa Balambala. Alikuja siku ya soko la mifugo na binti yake Nasteho, mtoto wa kutambaa na kusimama, anayekohoa. Daktari alisema ni kifua, aanze dawa. Sista Mwende, muuguzi wetu kutoka Kitui, akamtaka mtoto apimwe. Mizani ya watoto ilikuwa ile ya kuning'inia, yenye ndoano na suruali ya kitambaa, na ilikuwa imefungwa kwenye mti wa turubai, mbele ya kila mtu. Dahabo akaitazama ile ndoano juu mpaka chini.

"Abaayo," akaniambia mimi, "mwambie huyu Sista mtoto wangu si mbuzi."

"Ni kupima tu, dada yangu," nikamwambia.

"Najua kupima. Bucha nayo inapima. Na baada ya kumwangika mtamtaja kilo kwa sauti, na hawa wote wanasikia. Unataka jicho la nani limpate?"

Wanawake wengine waliokuwa wamekaa wakaitikia chini chini. Nilimfasiria Mwende. Hakubishana, alikuwa amekaa kwetu muda wa kutosha. Akasema, "Mwambie alete mtoto kesho asubuhi, nitampima ndani, pembeni, taratibu. Dawa tutampa kesho." Nikamwambia Dahabo, naye akasema sawa, lakini hiyo kesho haipo, lori lao linaondoka leo. Nikadhani ni mzaha. Nikaitwa ndani kwa mgonjwa mwingine.

Kadi ya karatasi ya Nasteho ikafika mezani kwa Fardosa, sehemu ya kilo iko tupu. Alipoifungua kadi ya mashine, ikafanya kama kawaida yake. Jaza hapa. Kengele. Akitaka kutoka, kengele. Foleni inasukuma. Akaandika hamsini, akabonyeza Sawa, kadi ikajifunga. Wakati huohuo mtu akamwita achukue faili, akainuka, na lebo ikatoka nyuma yake bila kuchanwa. Aliyekuwa dirishani akaichukua pamoja na nyingine. Akaita jina. Dahabo akaenda dirishani peke yake, mtoto amemwachia mwenzake kivulini, akapewa pakiti, akashukuru Mungu kwamba hatalazimika kulala mjini.

Saa ya chai ya alasiri, Mwende akaingia akauliza, "Yule mama wa ndoano mmemwandikia kesho?"

Fardosa akasema, "Huyo ameshachukua dawa, ameenda."

"Dawa ya kilo ngapi?"

Fardosa aligeukia kioo, akaifungua kadi, na sisi wawili tukasoma juu ya bega lake. Hamsini. Nimeona watu wakizimia, nimeona watu wakifa, lakini namba ile kwenye kioo sijaisahau. Mtoto yule hakujaa mapajani pa mamake.

"Eedo," Fardosa akaniambia, yaani shangazi, na sauti ilikuwa ya mtoto, "nitakuwa nimemuua?"

"Inuka utafute dereva," nikamwambia. Kazi ni nzuri kuliko jibu.

Mwende alichukua dawa za watoto za kila kiasi, na mizani ya kusimama ya watu wazima akaniwekea mimi mapajani. Sikumuuliza ya nini. Tulienda kwanza sokoni. Malori ya upande wa Balambala yalikuwa yameondoka, muuza ngozi mmoja akatuonyesha vumbi lilikokwenda. Tukashika njia ileile. Dereva wetu, Bare, alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku ile hakusema kitu. Mimi niliisoma kila sura niliyoikumbuka, na mizani ikinigonga magoti kila shimo.

Tuliwakuta wamesimama kuswali Alasiri. Lori liko kando, wanaume wamepanga safu mbele, wanawake nyuma, Dahabo miongoni mwao, paji la uso liko chini. Nasteho alikuwa amekaa juu ya furushi la mama yake na ameshika kitu mkononi, anakiweka mdomoni. Mimi na Fardosa tukasimama, huwezi kumkatiza mtu swala. Mwende si wa dini yetu, yeye hakusimama. Alivuka mchanga ule mbio, akapiga magoti, akamfungua mtoto mkono.

Kisha akaketi chini palepale. Akainua kile kitu tukione. Kokwa la tende.

Dahabo alipotoa salamu ya mwisho, kulia na kushoto, aligeuka akatukuta sote tumemzunguka mtoto wake. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mmekuja na mizani mpaka huku?" akasema.

"Dahabo, umempa mtoto dawa?" nikamuuliza.

"Mtu wa dirishani alisema asubuhi, kabla hajala. Sasa hivi ni asubuhi?"

"Hujampa hata kidogo?"

"Wewe abaayo, nyinyi ndio mnasema, halafu nyinyi ndio mnafukuza lori kuuliza kama nimefanya mlivyosema." Akaifungua ncha ya mtandio, akatoa pakiti, fundo lake ni lile lile la dirishani. "Haya, hesabuni."

Fardosa aliipokea kwa mikono miwili na akalia mbele ya watu wa lori wote, na hakuna aliyemkanya. Bare akarudi kwenye gari akapata sauti yake, akaanza kumweleza dereva wa lori jinsi alivyoendesha. Mimi nilisema alhamdulillahi, na nikagundua kwamba mizani bado nimeikumbatia.

Mwende akanieleza ile mizani ni ya nini. Tuliilaza juu ya ubao wa nyuma wa lori, mahali palipo sawa. Dahabo akapanda akiwa amembeba mtoto. Mwende akasoma kimya. Kisha Dahabo akanipa mimi mtoto, akapanda peke yake, Mwende akasoma tena. Akatoa ya pili kwenye ya kwanza, akaandika jawabu kwenye kiganja chake na kukifunga. Hakuna ndoano, hakuna kutaja.

"Kilo zangu mimi mnaweza kuzitangaza," Dahabo akasema. "Jicho litakalonitamani mimi na umri huu, nalikaribisha."

Akapewa pakiti mpya, kiasi cha mtoto. Ile nyingine tukarudi nayo. Njia nzima Fardosa aliishika, na Bare aliongea mpaka mjini.

Mutiso alipopigiwa simu hakutuma disketi. Alikuja mwenyewe na basi, akavuta kiti nyuma yetu, akatazama tunavyofanya kazi asubuhi nzima. Mara nyingi akauliza tu, "Na hapo mnatokaje?" Tulimwonyesha. Kila tukimwonyesha alikuwa anajikuna shingo.

Mchana akatuambia anachotaka. Visanduku viache kukamata watu. Uandike unavyotaka, uruke, urudi. Fomu ikague mara moja tu, unapobonyeza Sawa, kabla haijajifunga. Kama kuna kosa isijifunge, ikuonyeshe pale penye kosa kwa rangi nyekundu, na yale mengine uliyoandika isiyafute. Lakini Ghairi iwe huru. Ukibonyeza Ghairi, isikague kitu, isihifadhi kitu, ifunge. Na pembeni ya kilo akaongeza alama ya kuweka, "Hajapimwa". Ukiiweka hiyo, kadi inakubali kufungwa, lakini lebo haitoki.

Hiyo alama mimi niliikataa. "Mutiso," nikamwambia, "ukiwapa watu neno la hajapimwa, hakuna atakayepimwa. Wote watakuwa wavivu."

"Mama, sasa hivi wote wana kilo hamsini," akanijibu kwa upole. "Mimi niliuliza swali na sikuacha nafasi ya mtu kusema sijui. Afadhali mvivu ninayemwona."

Nilimfikiria Mama Rukia na karatasi alizozivuta kwenye mashine na kuzitupa, na nikaona zile karatasi hazikuwa hasara. Nikamwambia aweke alama yake. Alikuwa sawa, na mimi si mtu wa kusema hivyo mara mbili.

Fomu mpya ilipowekwa, Fardosa alifungua kadi yoyote, akabonyeza Ghairi. Ikajifunga. Akafungua nyingine, Ghairi, ikajifunga. Aliendelea hivyo mpaka nikamwambia stima ya serikali si ya kuchezea. Kisha alipotoka kwenda kunywa maji, nikajaribu na mimi.

Zile hamsini za zamani tulizitafuta moja moja tukawaita wenyewe, na Mungu alitustiri, maana waliobaki kwenye dawa wengi walikuwa watu wazima wa kilo hizo au karibu nazo. Mizani ya kuning'inia ilihamia ndani, nyuma ya pazia, kwa mwenye kuitaka. Wengi walipendelea kupanda na mtoto mikononi. Mwende aliwafundisha wengine kutoa ya pili kwenye ya kwanza, na baadaye mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wageni, pamoja na kufunga kiganja.

Dahabo alirudi kila mara mifugo ilipokaribia mto. Mvua kubwa ilipokata njia tulikuwa na hofu, lakini alikuwa amepewa dawa za kutosha na akazigawa kama alivyoambiwa, asubuhi, kabla ya kula. Siku ya mwisho ya matibabu alikuja na Nasteho anatembea mbele yake, anawafukuza kuku wa mlinzi. Kikohozi hakuna. Fardosa alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo kadi niliifungua mimi.

"Hiyo mashine yenu," Dahabo akaniuliza akikaa, "bado inasema binti yangu ana kilo hamsini?"

"Imeambiwa ukweli," nikamwambia.

"Isimtaje."

"Haitaji. Inaandika tu."

Nikajaza kilo kutoka kwenye kiganja cha Mwende. Nikajaza upande wanakohamia. Pale penye hali ya mgonjwa nikaandika: Amemaliza, amepona. Nikasoma kadi yote juu mpaka chini ikiwa bado ndani, kama nilivyofundishwa, kisha nikabonyeza Sawa. Fomu ikakagua. Haikupiga kengele, haikuuliza kitu. Ikajifunga, na kioo kikabaki kitupu.

Dahabo alikuwa anangoja lebo itoke.

"Hakuna lebo, aliyepona hana dawa," nikamwambia. "Mchukue mtoto, nendeni."

"Basi?"

"Basi."